Mgeni Aliyeficha Jina Lake

Mimi sikuitaka hiyo app. Aliileta Feisal, mtoto wa dada yangu, siku aliporudi kutoka Dar es Salaam amevaa miwani ya jua saa kumi na mbili jioni.

"Anko, dunia imehamia kwenye simu," akaniambia. "Lodge isiyo kwenye simu ni kama haipo."

Nikamwonyesha jengo kwa kidole. Vyumba tisa, bati jekundu, mlimao uani, kibao cha TULIA LODGE ambacho hata mtu aliyelewa anakiona kutoka barabara ya Misunkumilo. Nikamuuliza kipi hapo hakipo. Akacheka, akachukua simu yangu, akapiga picha vyumba vyote, na kabla ya isha tulikuwa tumeshaingizwa kwenye Fikia. Ndivyo inavyoitwa hiyo app.

Neno lake la kuuzia lilikuwa moja tu, siri. Mgeni akitaka anaweka alama, na jina lake na namba yake ya simu havionekani tena, hata kwa mwenye lodge. Mimi naona maandishi haya tu: "Mgeni amechagua kutoonyesha jina." Analipa hukohuko kwenye simu, anafika mapokezi, anataja tarakimu alizotumiwa, anapewa ufunguo. Kitabu cha wageni? Imakulata wangu wa mapokezi, binti wa Kipimbwe kutoka Usevya, alikuwa anawaandika wote "mgeni wa app" na kuendelea kusuka nywele. Sikumgombeza. Kabla ya hapo wanaume wote waliolala kwangu walijiandika Juma.

Na siri hapa Mpanda ni bidhaa adimu. Ukinunua dawa ya minyoo asubuhi, jioni unaulizwa tumbo linaendeleaje. Kwa hiyo watu waliipenda Fikia na kuiogopa kwa pamoja. Wa kwanza kunijia alikuwa Mwandu, mnunuzi wa mpunga anayeshuka kila msimu akitokea Majimoto.

"Amri, hiki kidude hakitaniuza kwa mama watoto?"

"Hata mimi mwenye lodge sioni jina."

"Apia."

"Wallahi sioni."

Akaridhika. App ikamwomba ruhusa ya kujua mahali alipo, akakasirika. "Ya nini ijue nilipo?" Akabonyeza kataa kwa kidole kizito. Haikupita robo saa yuko barazani, simu kaiweka sauti ya juu, anamwelekeza mdogo wake atoe hela kwenye ile simu aliyoiacha nyumbani. "Mimi niko Tulia Lodge, chumba namba saba! Namba ya siri shika hii!" Akaitaja yote. Muuza mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara akaacha kupepea moto akamsikiliza. Watu ndivyo tulivyo. Tunafunga dirisha dogo la simu na kuuacha mlango wa mdomo wazi.

Nacheka, lakini hilo la midomo mimi linaniuma, na sababu yake ni Hadia.

Hadia ni mke wangu. Nasema ni, sisemi alikuwa, kwa sababu talaka sikutoa na yeye hakuomba. Lodge hii tuliijenga wawili. Mimi nilikuwa na hela ya samaki, migebuka na dagaa ninaowanunua ziwani, Kapalamsenga, yeye alikuwa na akili. Ndiye aliyeamua kwamba hapa kwetu chai ya mgeni isije na sukari, ije na asali ya Inyonga kwenye kibakuli cha udongo. Alikuwa anakwenda kuichagua mwenyewe, anaonja ndoo kwa ndoo mpaka warina asali wanamkimbia.

Mtoto hatukupata. Na watu wa hapa mwanamke wanamwita kwa jina la mtoto wake, Mama Maiko, Mama Zuhra. Huyu wangu walikosa pa kumshikia, wakamwita Mama Lodge. Aliitikia anatabasamu, na mimi mjinga nikaliamini tabasamu lile.

Mwaka mmoja tukaenda kupima. Majibu tulipewa wawili, mlango umefungwa. Wiki haijaisha, mwanamke mmoja sokoni akamshika Hadia mkono mbele ya mafungu ya nyanya, akamwambia, "Pole mwanangu, mpaji ni Mungu." Nani alisema? Mpaka leo sijui. Hakukuwa na app wakati huo. Ni midomo ya kawaida tu, yenye meno. Halafu shangazi zangu wakaja na jina la binti wa kuniozesha. Wakaketi barazani kwangu, wakanywa chai yenye asali yake, huku wanamjadili. Niliwatimua na vikombe vyao, majirani ni mashahidi. Lakini alishasikia.

"Amri," aliniambia siku ile anafunga begi, "mji huu unanijua mpaka tumboni. Nataka nikakae mahali mtu akiniona aone mwanamke anayenunua nyanya, basi."

Akapanda treni ya Tabora, kwa kaka yake. Akabadilisha laini. Nilipompigia kaka yake akanijibu kwa upole, "Shemeji, yuko salama. Ameomba asitafutwe." Nikakaa. Huu ni mwaka wa nne nimekaa.

Mniulize nimekaaje. Mto wake uko upande wa ukutani, na foronya naifua mwenyewe, sitaki mtu aiguse. Kila Jumanne nakwenda ziwani kununua mzigo, narudi Jumatano, na kila safari nanunua kuhe mmoja pembeni, mnono, namfunga peke yake. Hadia alikuwa akimpenda samaki huyo kuliko nyama ya aina yoyote. Mimi simli. Nikifika nampa Imakulata, anashukuru, anaenda zake. Wiki inayofuata nanunua tena. Mkono wenyewe unakwenda kwa mchuuzi, nami nausindikiza.

Sasa Jumatano moja ya mwanzo wa mvua nimerudi, matope mpaka magotini, Imakulata akanipokea na simu ya lodge mkononi.

"Baba, mgeni wa jana katuachia nyota nne. Na maneno kaandika."

Nikasoma nimesimama.

"Chumba namba tatu ni kisafi, shuka zinanukia jua. Mlango wa bafu bado unagoma, lakini ukishika kitasa ukauinua kidogo unafunguka. Mlimao umekatwa matawi ya upande wa jikoni, nani aliruhusu? Chai imeletwa na sukari. Nyota moja nimeibakiza kwa ajili ya asali."

Nikakaa. Nikasoma tena. Juu ya maneno yale palikuwa na kichwa cha kijivu kisicho na sura, na maandishi yaleyale: Mgeni amechagua kutoonyesha jina. Mlango ule unamshinda kila mgeni, wanapiga kelele wafunguliwe. Wanaojua kuuinua ni watu wawili duniani, na mmoja wao alikuwa Kapalamsenga ananunua samaki.

"Imakulata, huyu mgeni yukoje?"

"Mama mmoja mstaarabu, Baba. Kajitanda ushungi wa kijani, ana kikapu. Maneno hana. Aliniuliza tu kama mwenye lodge anakula vizuri."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia anakula, ila kila wiki ananunua samaki mmoja halafu ananipa mimi. Akauliza samaki gani. Nikasema kuhe. Akainuka akaenda chumbani, Baba. Hata chai hakumaliza."

Niliingia namba tatu, nikajifungia. Imakulata alikuwa ameshafua shuka, yule binti na usafi wake, akaniachia chumba kinachonuka sabuni. Nikauliza mtaani kote kama kuna msiba kwa ndugu zake wa hapa Mpanda. Hakukuwa na msiba, wala harusi, wala mgonjwa. Alipanda treni kutoka Tabora, akalala usiku mmoja kwenye nyumba yake, akalipia kama mgeni, akaondoka. Na alichagua Jumanne, siku anayojua sipo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, na papo hapo nikaumia. Alikuwa hapa! Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa hiki!

Nikamwita Feisal.

"Nitafutie namba ya huyu mgeni."

"Anko, imefichwa. System imefunga."

"Ifungue."

Akajikuna shingo, akatazama nje, akashusha sauti. "Kuna mshikaji wangu yuko ofisini kwao. Anaweza kuchungulia. Ila ni ishu ya kimyakimya. Nimcheki?"

"Mcheki," nikamwambia. Sikufikiri hata kidogo, nisiwadanganye. Angeniambia nivuke ziwa kwa miguu ningemuuliza kuanzia wapi.

Feisal akasogea pembeni ya mlimao na simu yake. Mimi nikabaki barazani, natunga maneno ya kwanza. Nitasema, Hadia, ni mimi? Atanijua. Nitasema, Hadia, kwa nini hukuningoja siku moja tu? Hapo ndipo Mwandu akaingia na mwenzake, mfanyabiashara wa maharage kutoka Mishamo.

"Amri, huyu bwana Dieudonne anataka chumba, ila anaogopa hicho kidude. Hebu mwapie kama ulivyoniapia mimi."

Yule bwana akanitazama kwa adabu, ananingoja. Nikafungua mdomo. "Hata mimi mwenye lodge..." Sikuendelea.

Hadia naye aliamini neno hilohilo. Aliukimbia mji ambao majibu ya daktari wake yaliuzwa pamoja na nyanya, na aliposhikwa na hamu ya nyumba yake akakuta kwamba Mpanda nzima kuna mlango mmoja tu anaoweza kuupita bila kutajwa jina. Mlango huo ni wangu. Aliupita kwa sababu aliambiwa umefungwa kwa ndani. Na mimi nilikuwa nimemtuma mtu akachungulie tundu la ufunguo.

"Anko!" Feisal anakuja mbio, simu kainyoosha mbele. "Namba hii hapa!"

Nilifumba macho. Mtu mzima na ndevu zangu nimefumba macho barazani, nimekunja uso kama mtoto anayetiwa dawa ya macho, mbele ya Mwandu na mgeni wake.

"Futa."

"Anko, nimeshaipata, una uhakika..."

"Futa kabla sijafumbua! Nikiiona nitapiga!"

Kweli ningepiga. Sijawahi kumtamani Hadia kama dakika ile, na ameandikwa hapo, kope zangu mbili tu ndizo zilizotutenganisha. Nikamsikia Feisal anabonyeza. "Tayari," akasema taratibu. Nilipofumbua macho yalikuwa yamelowa. Mwandu akamnong'oneza mwenzake kwamba mwenye lodge ana matatizo, lakini chumba ni kisafi.

Jioni ile Feisal akanionyesha njia nyingine. Chini ya maneno ya mgeni kuna nafasi ya jibu la mwenyeji. "Ila linasomwa na kila mtu, Anko. Mji mzima."

"Na walisome," nikamwambia. Nikaweka sharti moja moyoni. Ya kwangu nitayasema yote, ya kwake hata moja. Nikaandika na kufuta, nikaandika na kufuta, mpaka simu ikapata joto. Mwisho nikatuma hivi:

"Asante mgeni wetu. Matawi niliyakata mimi. Yalikuwa yanagonga dirisha la jikoni, na kila yakigonga nilidhani mke wangu amerudi. Asali ilikoma kwa sababu anayejua kuichagua yuko mbali, lakini itarudi. Mwenye lodge hajaoa mwingine na hana mpango. Anamkumbuka mke wake. Mlango wa bafu utatengenezwa."

Sikusema mgeni ni nani. Watu waone tu kwamba mzee amechanganyikiwa, anamjibu mpita njia habari za ndani kwake.

Na waliona! Kesho yake sokoni muuza vitunguu akaniuliza kama matawi yamegonga. Msikitini kijana mmoja akanisalimia kwa sauti ya huruma mpaka nikatamani kumzaba kofi. Shangazi zangu walinuna, na kununa kwao kulinipa raha kidogo. Lakini kubwa kuliko yote, mji ukaamua kwamba Fikia inatoa siri. Ikasemwa saluni, ikasemwa stendi, kwamba mnaona, hata mwenye lodge mwenyewe mambo yake yametoka yote hadharani, je nyie wageni? Watu wakaanza tena kuja kujiandika Juma kwenye kitabu.

"Uliniapia," Mwandu akanilaumu.

"Mwandu, haikutoka! Nimeitoa mimi kwa mkono wangu!"

Akatikisa kichwa. "Hakuna mtu mwenye akili zake anayejitoa mwenyewe."

Nikaenda Inyonga. Warina asali wakaniuliza habari za mama, nikawaambia mzima. Nikaonja ndoo kwa ndoo mpaka ulimi ukafa ganzi na bado sikujua ipi ni ipi, nikachukua ile ambayo ilinikumbusha asubuhi za zamani. Kuanzia siku hiyo chai ikawa inakwenda vyumbani na kibakuli. Nami nikawa natazama simu. Natazama kabla ya alfajiri, natazama nikitoka kuswali, natazama nikiwa ziwani ambako mtandao unakuja na kuondoka. Hakuna neno. Mvua zikakolea. Nikaanza kujiambia kwamba nimemkimbiza mara ya pili, kwamba alitaka kupita kimya na mimi nikapiga tarumbeta.

Jumatatu moja hasira zikanipanda. Hasira za nini, sijui, za mlango labda. Nikasema ahadi ni deni, nimeandika utatengenezwa na utatengenezwa. Nikamwita fundi Telesphor, mtu wa kwao Imakulata, anayefanya kazi huku anaimba nyimbo za kwaya ya kigango chao. Akaung'oa mlango wa bafu namba tatu, akauranda chini, akabadilisha bawaba, akaurudisha. Akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunguka kimya, bila kuombwa.

"Umeona, Mzee?" akasema kwa fahari.

Nimeona. Nilisimama pale nikahisi kama mtu amefagia nyayo za mwisho uani kwangu. Sasa mtu yeyote angeweza kuingia. Hakikubaki kitu hapa ambacho ni cha kujua sisi wawili.

Imakulata akatokea anakimbia, kandambili moja imebaki koridoni. "Baba! Booking! Halafu hii ina jina!"

Nikamnyang'anya simu. Palikuwa na maandishi ambayo sikuwahi kuyaona tangu tuingie kwenye hiyo app. "Mgeni amechagua kuonyesha jina." Na chini yake, herufi kwa herufi: Hadia Bashiru. Si Mama Lodge, si mgeni. Hadia Bashiru, chumba namba tatu, kuwasili Jumamosi.

Jumamosi sisafiri. Anajua kwamba Jumamosi sisafiri.

Kulikuwa na nafasi ya maombi maalumu, nayo ameijaza. "Asali nimesikia. Mlango wa bafu msiutengeneze. Nitauinua mwenyewe."

Nilisoma mara ngapi siwezi kuwaambia. Nilipoinua kichwa Telesphor alikuwa anakusanya vifaa vyake, yuko kwenye ubeti wa pili.

"Fundi, rudi. Ugomishe."

"Nini, Mzee?"

"Mlango. Urudishe ulivyokuwa. Ugome!"

Akaniangalia, akamwangalia Imakulata, akauangalia mlango wake mzuri. "Mzee, kazi niliyofundishwa ni ya kutengeneza. Ya kuharibu sijasomea."

"Utasomea leo. Nitakulipa mara mbili."

Akachukua kipande chembamba cha mninga, akakipigilia chini ya mlango huku ananung'unika, akaondoa bawaba mpya, akarudisha ile kuukuu iliyolegea. Akajaribu kuufungua, ukakataa. Akasukuma kwa bega, ukakataa. Nikamwambia asogee. Nikashika kitasa, nikauinua kidogo kama Hadia alivyonifundisha mwenyewe siku tulipohamia, na mlango ukafunguka.

Kesho yake ilikuwa safari ya ziwani. Nikiwa napakia makapu nikamwita Imakulata, nikamwambia wiki hii asahau, samaki hampati.